Kutoka Bandarini hadi Milimani: Ndege, Wanyama na Njia ya Pwani Zetu Mbili

Watoto wetu waliozaliwa Maskati wanaijua Bandari ya Sultan Qaboos kama mahali pa matembezi ya jioni. Wanaona meli za watalii zilizo refu kuliko majengo, wanakula aiskrimu kwenye barabara ya ufukweni ya Matrah, wanawarushia shakwe mkate, halafu tunarudi nyumbani. Wazee wetu wanaikumbuka kwa namna nyingine. Kabla bandari hii haijaanza kazi mwaka 1974, meli zilitia nanga nje ya ghuba, na watu na mizigo waliteremshwa kwa mashua mpaka ufukweni. Na sisi tuliokuja baadaye kufanya kazi tuliikuta ikiwa na makreni na makontena, hadi mwisho wa Agosti 2014, shughuli za mizigo zilipohamishiwa Sohar na hapa pakaachiwa meli za abiria na utalii.

Katika toleo hili la kuadhimisha Uhuru tumeombwa tuandike historia. Kwa kawaida tungeandika juu ya Mwalimu, TANU na usiku wa tarehe 9 Desemba 1961. Hayo tutayagusa. Lakini sisi, kikundi cha familia chache, wengi wetu wauguzi, kwa miaka kadhaa tumekuwa tukikutana asubuhi ya Ijumaa karibu na lango la bandari, tunajigawa katika magari, na kwenda milimani kutazama ndege na wanyama. Tulianza kwa ajili ya kuwatoa watoto kwenye simu. Tukagundua kwamba kila tulichokiona kilikuwa na historia inayotuhusu. Ndiyo hiyo tunaiandika hapa, kwa ajili ya watoto hasa.

Pepo mbili, njia moja

Tuanze hapo hapo bandarini, kabla hatujawasha gari. Shakwe wengi wanaoruka juu ya soko la samaki la Matrah wakati wa baridi ni wageni waliotoka kaskazini. Lakini yuko mmoja wa kuangaliwa vizuri: kichwa chake ni cha kahawia iliyokoza, na mdomo wake una ncha nyekundu. Huyo huzaa katika visiwa vya Omani, na ndugu zake wanaonekana pia Unguja, Dar es Salaam na Mombasa. Kunguru mwenye shingo ya kijivu anayepiga kelele kwenye mitende ya Matrah naye mnamjua. Ni yule yule aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka za mji, kisha akaenea pwani nzima akila mayai na makinda ya ndege wengine. Watoto wetu wakienda likizo Dar es Salaam huwa wanasema, "Mama, kunguru wa Maskati wapo na huku!" Tunawaambia hakuna aliyemfuata mwenzake, wote asili yao ni upande mmoja.

Mababu waliosafiri kwa majahazi walifuata pepo mbili. Kaskazi ilianza kuvuma kuelekea Desemba, ikawasukuma kutoka Sur, Matrah na Maskati hadi Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, wakiwa na tende, chumvi na samaki mkavu. Walikaa wakiuza na kununua mpaka upepo ugeuke. Kusi ilipoanza, kuanzia Aprili, walirudi na boriti, karafuu na nafaka. Boriti zilizokatwa kwenye mikoko ya Rufiji na Lamu ziliezeka nyumba nyingi za Uarabuni, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti.

Ndege wana kalenda inayokaribiana na hiyo. Yupo ndege wa buluu mwenye mgongo wa kahawia, saizi yake kama njiwa, vitabu vya Kiswahili humwita kambu. Kambu wa Ulaya na Asia ya Kati huteremka Afrika Mashariki wakati wa baridi ya kwao, wakatawanyika kwenye nyika za Kenya na Tanzania. Mwezi wa Aprili hupanda kwa makundi makubwa kufuata pwani ya Tanzania, Kenya na Somalia, kisha huvuka bahari na kufika Omani. Mtu wa Bagamoyo anaweza kuwaona wakipita juu ya minazi, na siku chache baadaye mtu wa Sur akawaona wakitua kwenye nyaya za umeme.

Kozi wa kijivu wa visiwani ana hesabu yake mwenyewe. Huzaa katika Kisiwa cha Fahal, kile kinachoonekana mbele ya Qurm, na katika visiwa vya Daymaniyat, ambavyo vimekuwa hifadhi tangu mwaka 1996. Ndege wengi huzaa majira ya kuchipua, lakini yeye husubiri joto la kiangazi. Sababu yake ni ya akili: makinda yake yanapoanza kudai chakula kingi, ndege wadogo wanaohama kutoka kaskazini wanaanza kupita, naye anawakamata juu ya bahari. Makinda yakikomaa, yeye na watoto wake wanahama, wanapitia Afrika Mashariki na kufikia Madagaska. Kwa hiyo siku hii ya Desemba tunapopandisha bendera yetu hapa, kozi wa Fahal wameshahama, na mbayuwayu wengi wa kaskazini wako Tanzania wakila wadudu juu ya mashamba ya babu zenu.

Daktari wa Maskati na mbuzi wa mlimani

Sisi wauguzi tuna sababu ya kumkumbuka mtu mmoja wa mji huu. Jina lake ni Atmaram Jayakar, daktari Mhindi aliyetumikia ofisi ya Waingereza hapa Maskati kwa zaidi ya miaka 20 mwishoni mwa karne ya 19. Wakati ule mji ulikuwa na joto lile lile tunalolijua, bila umeme, na kipindupindu kilikuja kwa meli. Maofisa wengi walihesabu siku za kuondoka. Jayakar alikaa.

Baada ya kazi alikuwa akikusanya. Alikusanya samaki wa Maskati na kuwapeleka kwenye jumba la makumbusho la London. Alikusanya mijusi na nyoka. Aliandika juu ya Kiarabu cha watu wa Omani na akakusanya methali zao. Mpaka leo wako wanyama wanaobeba jina lake katika vitabu vya sayansi: mjusi mkubwa wa milima ya Omani, nyoka wa mchangani, na farasi-bahari. Na yuko mbuzi mwitu wa milima ya Hajar, ambaye mtaalamu wa London, Oldfield Thomas, alimwandika mwaka 1894 kwa jina la daktari huyu, baada ya kupokea vielelezo alivyovituma.

Mbuzi huyu ni mdogo, rangi ya kahawia, ana pembe fupi zilizopinda nyuma na manyoya marefu. Duniani kote anapatikana katika milima ya Omani na ya Falme za Kiarabu tu. Kwa muda mrefu wanasayansi walimhesabu pamoja na jamaa zake wa Himalaya na wa kusini mwa India. Mwaka 2005 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ni wa ukoo wa peke yake, akapewa jenasi yake. Bila shaka watu wa milimani hawakumngoja Thomas. Wao walikuwa wakimwita waal, na walijua anakunywa wapi na anapanda genge gani.

Tuliwasomea watoto habari za Jayakar tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa barabara ya ufukweni, tukitazama ngome ya Matrah. Mmoja akauliza kama daktari huyo alikuwa Mwomani. Tukasema hapana. Akauliza kama alirudi kwao. Tukasema ndiyo, alistaafu akaondoka. Mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Lakini mbuzi amebaki na jina lake hapa." Hatukuongeza neno.

Wanaolinda Wadi Sareen

Kufikia miaka ya 1970 mbuzi huyu alikuwa hatarini kwa sababu ya kuwindwa na kwa sababu mbuzi wa kufugwa walikuwa wakimnyang'anya malisho na maji. Tofauti na wanyama wengi wa jangwani, waal anahitaji kunywa maji kila baada ya siku chache wakati wa joto, kwa hiyo akizuiwa kisimani hana pa kwenda. Serikali mpya ya Sultan Qaboos, aliyeshika madaraka tarehe 23 Julai 1970, ilileta watafiti, na eneo la Wadi Sareen, mwendo mfupi tu kutoka Maskati upande wa Amerat, likaanza kulindwa. Walinzi walichukuliwa kutoka vijiji vya hapo hapo. Mtu aliyekuwa akimjua mnyama kwa kumwinda sasa alilipwa kumtazama.

Hatujamwona waal kwa karibu, tuseme kweli. Mara moja, kwa darubini, tuliona kitu cha kahawia kikihama juu ya jabali la kijivu, na kijana aliyetuongoza akasema ndiye. Watoto walipeana darubini mpaka akapotea. Safari nzima ilikuwa kwa ajili ya dakika ile.

Omani pia ina somo chungu katika jambo hili, na si vizuri kuwaficha watoto. Choroa mweupe wa Uarabuni alimalizwa porini mwaka 1972. Mwaka 1982 akarudishwa katika uwanda wa Jiddat al-Harasis, na mwaka 1994 hifadhi yake ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kisha majangili wakarudi. Choroa wapatao 450 mwaka 1996 wakabaki kiasi cha 65, eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90, na mwaka 2007 hifadhi hiyo ikawa ya kwanza duniani kufutwa katika orodha ile. Tanzania yetu yenye Serengeti na Ngorongoro isidhani kwamba jina kubwa linalinda mnyama. Mnyama hulindwa na mtu anayeamka asubuhi kwenda kumtazama.

Juu ya Saiq

Milima ya Hajar inaanza Musandam na kukaribia Ras al-Hadd, na kilele chake cha Jabal Shams kina urefu wa mita 3,000 hivi. Safari tunayoipenda zaidi ni ya Jabal Akhdar. Tunatoka Matrah alfajiri, tunapita Nizwa mpaka Birkat al-Mawz, na pale polisi wanaangalia kama gari lina uwezo wa kuvuta magurudumu yote manne. Baada ya hapo barabara inapanda mpaka uwanda wa Saiq, mita 2,000 juu ya bahari, na watoto wanaanza kudai masweta.

Huko ndiko wanakokaa tumbusi. Yule mweupe mwenye uso wa njano ni tumbusi wa Misri. Omani ni moja ya nchi ambako bado yupo kwa wingi, hasa Kisiwa cha Masira na milima hii, ijapokuwa duniani amewekwa katika kundi la walio hatarini tangu mwaka 2007. Na mwenzetu mmoja alipouliza, "Huyu ana uhusiano gani na nyumbani?" tulikuwa na jibu. Katikati ya miaka ya 1960, Jane Goodall na mumewe Hugo van Lawick waliwaona ndege hawa kaskazini mwa Tanzania wakiokota mawe kwa mdomo na kuyatupa juu ya yai la mbuni mpaka lipasuke. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1966 na ikashangaza dunia, kwa kuwa watu waliamini matumizi ya vifaa ni ya binadamu na nyani. Leo tumbusi huyu ni adimu sana Afrika Mashariki.

Yupo pia yule mkubwa mweusi mwenye kichwa kitupu chenye ngozi nyekundu. Anazaa kwenye miti ya Omani kama anavyozaa kwenye migunga ya Serengeti. Ni ndege yule yule, jina lile lile kitabuni.

Hapa sisi wauguzi tuliwapa watoto somo la dawa. Diklofenaki tunaijua sote. Ni dawa ya maumivu, tunaichoma karibu kila zamu, na imewasaidia wagonjwa wengi. Bara Hindi wafugaji waliitumia kwa ng'ombe. Ng'ombe akifa, tumbusi wakimla, figo zao zinaharibika na wanakufa kwa siku chache. Mamilioni walipotea kabla sababu haijajulikana mwaka 2004, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Kwetu Afrika Mashariki tatizo kubwa ni sumu: mfugaji aliyepoteza ng'ombe anatia sumu mzoga ili amuue simba, na tumbusi wengi wanafia hapo hapo. Mizoga isipoliwa inaoza, mbwa wanaongezeka na maradhi yanafuata. Tumbusi ni sehemu ya afya ya jamii kama alivyo bwana afya wa wilaya, ila yeye hana mshahara.

Kuna siku dada mmoja aliyezaliwa upande wa Monduli alikuja nasi Saiq. Anafanya kazi za nyumbani Maskati, na siku hiyo bosi wake alikuwa amempa ruhusa. Hakuzungumza sana njiani. Tulipokaa chini ya mti wenye majani membamba, ya kijani juu na yenye weupe chini, alivunja kijiti, akakikwaruza, akanusa. Akasema, "Huu ni oloirien. Kwetu tunachoma ukuni wake kusafishia vibuyu vya maziwa." Tukadhani amefananisha. Tuliporudi tukatafuta, tukakuta ni kweli. Mzeituni mwitu wa Jabal Akhdar na ule wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni mti mmoja, unaoenea kutoka Afrika Kusini, Afrika Mashariki na Uarabuni mpaka Asia. Jirani yake juu zaidi mlimani ni jamaa wa mtarakwa wa kwetu. Na mikoko ya Qurm, ambayo watoto wanapita kila siku wakienda shule, ni mchu ule ule wa Pemba na Rufiji.

Dada yule hakuwa na shahada wala darubini. Katika gari lile lenye wasomi wanne, yeye ndiye aliyeujua mlima.

Bundi mwenye majina mawili

Mwezi Machi 2013, katika milima hii hii, mtaalamu wa sauti za ndege Magnus Robb alikuwa akirekodi bundi usiku, akasikia sauti asiyoijua. Yeye na wenzake walirudi mara kadhaa, wakampiga picha, na mwaka huo huo wakatangaza spishi mpya, bundi wa Omani. Miaka miwili baadaye wataalamu wakachunguza ndege mmoja aliyekaushwa na kuwekwa kwenye makumbusho ya Uingereza, ambaye jina lake liliandikwa mwaka 1878 kwa kielelezo kilichosemekana kutoka pwani ya Baluchistani. Vinasaba vikaonyesha kwamba huyo wa 1878 ndiye bundi wa Omani. Yule mwingine wa majangwani, aliyekuwa akiitwa kwa jina hilo kwa zaidi ya miaka 100, ndiye aliyebaki bila jina, akapewa jipya.

Nyumbani pia tuna visa kama hivi. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini katika milima ya Udzungwa waliona miguu ya ajabu ya ndege kwenye sufuria ya chakula cha jioni. Walikuwa wanamla kwale asiyejulikana na sayansi, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Mwaka uliofuata Udzungwa ikawa Hifadhi ya Taifa. Na mwaka 2005 ilitangazwa habari ya nyani mpya wa misitu ya Rungwe na Udzungwa. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita kipunji, na ndilo jina lililobaki.

Tunawaambia watoto hivi: aliyeandika wa kwanza kitabuni si lazima awe wa kwanza kujua. Ndiyo maana tunawataka waulize bibi na babu majina ya ndege, na wayaandike, kabla wenye majina hawajaondoka.

Mlima wetu ni upi?

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, na kilele kilichopewa na Wajerumani jina la mfalme wao kikaitwa Uhuru. Miezi mitatu kabla yake, Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mbele ya mkutano wa uhifadhi mjini Arusha, akiahidi kwamba nchi inayozaliwa itawalinda wanyamapori wake kama dhamana kwa wajukuu. Nchi ilikuwa haijapata bendera, lakini suala la wanyama na misitu lilikuwa tayari mezani.

Kila mwaka tunawafundisha watoto wetu kuimba juu ya Kilimanjaro kwenye sherehe. Mwaka mmoja, tukiwa ukingoni mwa bonde la Jabal Shams, kijana wa miaka 11 alituuliza, "Hivi mlima wetu ni upi? Kilimanjaro sijauona. Huu nimeuona mara tatu." Hatukuwa na jibu la haraka. Mama yake alisema, "Vyote viwili," lakini sote tulisikia kwamba hilo ni jibu la kumnyamazisha mtoto.

Pamoja nasi siku ile alikuwepo ami yetu mmoja aliyezaliwa Unguja. Aliondoka akiwa mdogo baada ya Januari 1964, akalelewa sehemu nyingine, akafika Maskati miaka ya 1970, wakati nchi hii ilipowaita watu wake waliosoma. Kiswahili chake ni safi kuliko chetu. Lakini kwenye sherehe zetu za Desemba haji, na sisi hatumwulizi. Kila nyumba ina chumba ambacho mgeni haingii bila kukaribishwa. Milimani anakuja kila tukimwita, na siku ile alimwambia kijana yule: "Mimi sikuuliza mlima wangu ni upi, niliuliza upepo gani unavuma. Sasa ni kaskazi. Ukiwa Unguja leo, upepo huu huu ungekupiga usoni ukiangalia huku tulipo." Kijana akageuka kusini, akaupa upepo mgongo. Ami akacheka, akamgeuza tena.

Tusijidanganye. Kambu hahitaji viza. Kozi hana mkataba wa miaka miwili wala hati ya kusafiria ya kuficha. Sisi tunahama kwa mihuri, na wengine miongoni mwetu wamehama kwa machozi. Kuwatazama ndege hakufuti hayo. Ila kumetufanya tukae gari moja watu ambao kwenye ukumbi wa sherehe hatukai meza moja: muuguzi, dada wa kazi za nyumbani, aliyezaliwa Tanga, aliyezaliwa Unguja, na aliyezaliwa hospitalini Maskati ambaye pasipoti yake inasema jambo moja na ulimi wake jambo jingine.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo mbele ya chama, mahali ambapo kila mmoja ataliona. Ijumaa ya kwanza baada ya sherehe za Uhuru kila mwaka iwe siku ya mlima. Tukutane saa kumi na mbili asubuhi karibu na lango la Bandari ya Sultan Qaboos. Isiwe na hotuba wala kadi ya mwaliko, ili asiyekuja ukumbini aweze kuja mlimani. Wenye nafasi kwenye magari wawachukue dada zetu wa majumbani, na kamati iwaombee ruhusa kwa waajiri wao mapema, kwa barua, siyo kwa simu ya usiku wa kuamkia. Kila mtoto aje na daftari, aandike jina la ndege kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, na kwa lugha ya babu yake kama ipo.

Na kwa kuwa sisi ni wauguzi, mtusamehe kwa haya ya mwisho. Beba maji lita tatu kwa kila mtu mzima, hata wakati wa baridi. Usiingie wadini kama kuna mawingu juu ya milima, hata kama ulipo pana jua, kwa sababu mafuriko hutoka mbali na hayatoi onyo, na kila mwaka watu hufa kwa kudhani gari lao ni zito. Usilishe wanyama, usiokote yai, usisogelee kiota kwa ajili ya picha. Mwenye sukari asisahau dawa zake na kitu kitamu mfukoni.

Kijana yule sasa ana miaka 14. Daftari lake limefika ndege 83, na tisa kati yao ameweka alama ya nyota. Tulimwuliza nyota ni za nini. Akasema ni wale aliowaona Maskati, kisha akawaona tena Korogwe kwa bibi yake.